Fungu la Nundu

Kapteni Lormier alipofika Moroni kutoka Madagaska hakutaka kuonyeshwa bandari, wala kupelekwa kwa kadhi kunywa sharubati kama walivyozoea wakubwa wenzake. Alitaka mtu. Alimwambia mkuu wa ofisi ampatie mwenyeji mmoja anayejua Kifaransa na anayejua watu, na kwa kuwa wenyeji wa aina hiyo walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa na akili ya kujificha, akapewa Dhoihir.

Dhoihir alikuwa mkalimani wa mahakama, mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye miwani na kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikakaribia kusimama yenyewe. Kifaransa chake kilikuwa kizuri kuliko cha baadhi ya Wafaransa waliotumwa visiwani humo kuadhibiwa. Lakini akitoka ofisini akafika bangwe, ule uwanja ambapo wanaume wa Moroni hukaa kuamua mambo ya mji, Dhoihir alikuwa mtoto. Hakuwa amefanya ndoa kuu, harusi ya mji mzima yenye ng'ombe na dhahabu, na pasipo hiyo mwanamume wa Ngazidja, kisiwa chenye Moroni, anaweza kuota mvi mpaka kwenye nyusi asihesabiwe mtu mzima. Alikaa nyuma. Nyama ya karamu ikigawiwa, yeye alifikiwa na mbavu zilizokwisha kuchunguliwa na kila mtu. Akithubutu kufungua mdomo, Housseini, muuza mafuta ya taa asiyeweza kuandika hata jina lake lakini aliyekwisha kufanya ndoa yake kuu, alimwambia, "Tulia kwanza, mwanangu, watu wazima wanazungumza." Na huyo Housseini alikuwa mdogo kwake kwa umri!

Kapteni, yeye, alimsikiliza. Alimvutia kiti, akamtilia kahawa kwa mkono wake mwenyewe, akamwacha amalize sentensi zake. Hilo ndilo lililommaliza Dhoihir.

"Huko kisiwani Ndzuani," Kapteni alisema, "juu ya Mutsamudu, kiwanda cha kukamulia mafuta ya langilangi kimechomwa moto. Kiwanda kimoja, si kitu. Lakini miaka mitatu iliyopita, Madagaska, nilifika baada ya moto, na sitaki kukusimulia nilichokiona wala nilichokifanya. Safari hii nataka kufika kabla." Alikuwa mtu mpole, mwenye kikohozi, na pengine alikuwa anasema kweli. "Askari ninao. Nisichonacho ni watu. Nani anamsikiliza nani? Nani ameoa kwa nani? Watu gani wanaswali msikiti gani, na habari ikitoka kisimani inaishia wapi? Nipe kichwa kimoja tu, bwana Dhoihir. Nikiondoe taratibu, na mji mzima utalala salama."

Akaongeza kwamba kazi ikiisha vizuri, Dhoihir atakuwa mkalimani mkuu wa kisiwa, na hakuna atakayemwambia tena atulie. Sijui nani alikuwa amemnong'oneza Kapteni mahali penye kidonda. Labda alipaona mwenyewe. Ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Basi wakavuka kwenda Mutsamudu. Dhoihir alifikia kwa Bahiat, binamu wa marehemu baba yake, mjane mwenye nyumba ya mawe katikati ya vichochoro, nyumba aliyojengewa na baba yake kama wajengewavyo mabinti wa huko. Dhoihir alimwita shangazi. Bahiat alimwandalia wali wa nazi, akamtandikia chumba cha juu, akamuuliza kilichomleta.

"Kazi ya serikali, shangazi. Tunatazama visima."

"Alhamdulillahi," Bahiat alisema. "Maji yetu mabaya kweli." Na kuanzia hapo, popote Dhoihir alipotaka kwenda, alipelekwa na mtu wa nyumba ya Bahiat, akakaribishwa, akalishwa, akaulizwa hali ya ndugu zake wote mmoja mmoja. Mlango wa Bahiat ulimfungulia milango yote ya mji.

Kwenye ukuta wa ofisi Kapteni alitundika karatasi kubwa. Kila msikiti ulikuwa duara, kila ukoo rangi, kila ndoa uzi uliofungwa kutoka pini hadi pini. Dhoihir aliipenda kazi ile kupita kiasi. Kila jioni alisimama mbele ya ukuta akieleza, na Kapteni alikaa chini yake kama mwanafunzi wa chuoni. Visima? Visima alivitaja pia, ili uongo wake usiwe uongo mtupu.

Jambo la kwanza aliloliona ni kwamba mji ule ulikuwa na maulidi nyingi mno. Mfungo sita, mwezi wa mazazi ya Mtume, ulikuwa umeshapita zamani, na bado hazikupita siku chache bila nyumba fulani kualika watu kusoma. Leo mtoto ameota jino, keshokutwa mbuzi aliyepotea amepatikana, wiki ijayo fulani amepona mafua. Mafua! Watu wazima wa mji wanakusanyika kumshukuru Mungu kwa mafua?

Jambo la pili lilikuwa mzee mmoja, Mzé Combo. Kila maulidi alikuwepo, na kila alipokuwepo alikaa mbele, ubavuni kwa anayesoma. Alikuwa mwembamba, na kanzu yake ilikuwa ya viraka, lakini masharifu wenyewe walimpisha. Akitokea kichochoroni, wanaume waliokuwa wakizungumza walishusha sauti mpaka apite. Na chakula kilipoletwa, yeye ndiye aliyetengewa wa kwanza, tena nundu ya ng'ombe, na kilichobaki kilifunikwa kawa kikapelekwa kwake.

Nundu! Kwao Moroni watu walikuwa hawasemeshani miaka kwa sababu ya nundu. Nundu haiendi kwa mtu hivi hivi. Nundu ni kiti, ni sauti, ni mji mzima kukiri mbele ya mashahidi kwamba huyu yuko juu yetu. Dhoihir alikuwa ameitazama ikipita mbele ya pua yake maisha yake yote, na kama kulikuwa na somo moja duniani alilolijua kwa uchungu, lilikuwa hilo. Akamwona yule mzee akiipokea kwa mikono miwili, bila haraka, kama mtu anayepokea kilicho chake. Moyo ukamruka kwa furaha ya mtu aliyepata jibu.

"Ndiye," alimwambia Kapteni. "Ametulia, hasemi sana, na mavazi ya kimaskini ni ya kuficha. Shamba lake la mlimani lilichukuliwa na kampuni ya kile kiwanda, kwa hiyo kinyongo anacho. Maulidi ni mikutano. Na nundu, Kapteni, nundu haidanganyi."

Kapteni alichomeka pini nyekundu, akamshika Dhoihir bega.

Walimkamata Mzé Combo siku ya Ijumaa, watu wakitoka msikitini. Dhoihir alikuwa pembeni, amejiandaa kwa makelele, labda hata mawe. Hapakuwa na jiwe. Watu walisimama wakatazamana. Mmoja alicheka, kicheko kile cha mtu aliyesikia jambo lisiloingia akilini, kisha akajiziba mdomo. Walikuwa wameshangaa, na mshangao ule ulimkaa Dhoihir rohoni njia nzima ya kurudi, kwa sababu mji ulionyang'anywa kichwa chake haushangai hivyo.

Alimkuta Bahiat ameketi ukumbini, mikono imelala mapajani.

"Wamemchukua Mzé Combo," Bahiat alisema. "Wanasema yeye ndiye mkubwa wa wachoma moto. Mkubwa wa nini, yule maskini ya Mungu?"

"Shangazi, kila mtu anamheshimu. Nimeona mwenyewe anavyopewa nundu."

Bahiat alimtazama. Ilichukua muda, na Dhoihir aliona jambo likimwingia yule mama kidogo kidogo, likimbadilisha uso.

"Uliona," alisema. "Kumbe hivyo ndivyo ulivyokuwa unatazama visima."

Kisha akamweleza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayevua nguo asiyotaka kuivua. Mzé Combo alikuwa mtu wa kulisha watu. Shamba lake la mlimani lilitoa migomba na muhogo, na hapana aliyebisha hodi kwake akarudi mikono mitupu. Kampuni ililitaka shamba kwa ajili ya milangilangi, ikalichukua. Mkewe alifariki mwaka uleule. Mzee akajifungia. Watu walipompelekea chakula alikirudisha na shukrani, akisema ameshakula, na mdomo umemkauka kwa njaa. Siku moja Bahiat alisukuma mlango akamkuta amelala sakafuni hawezi kuinuka, na hata hapo alisema ameshakula.

"Tungefanyaje? Sadaka hapokei. Ndipo tukasema, tumwalike kama mtu mkubwa. Tumweke mbele, asome fatiha, apewe fungu la mtu mkubwa, kilichobaki kimfuate nyumbani kama haki yake ya kusoma. Mchinjaji wa mtaa wa Hombo anaiweka nundu kando. Nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Ndiyo maana ukaona maulidi nyingi. Mtu huwezi kufanya karamu bila sababu, basi tunatafuta sababu."

"Na wale wanaonyamaza akipita?"

"Walikuwa wanapanga zamu ya nani. Ulitaka waendelee kusema, asikie?"

Dhoihir alikaa kwenye ngazi. Yote aliyoyaona yalikuwa kweli. Hakuongeza wala hakupunguza. Alikuwa ameusoma mji mzima kwa njaa yake mwenyewe, na asingeweza kuwa ameusoma vibaya zaidi.

"Kwa nini hukuniambia, shangazi?"

"Nikuambie nini? Jambo lile likishasemwa limekufa. Hata sisi wenyewe hatulisemi." Bahiat aliinuka. "Mimi nilikufungulia milango, Dhoihir. Watu walikukaribisha kwa uso wangu. Nenda kamtoe."

Alikwenda. Siwezi kumnyima hilo, alikwenda. Alimweleza Kapteni yote. Kapteni alimsikiliza kwa adabu ileile, akikohoa kwenye leso.

"Hadithi nzuri," alisema mwishowe. "Na ingekuwa yeye ndiye kichwa, ungetarajia mji uniletee hadithi gani? Mbaya?" Akageukia ukuta. "Kiwanda kimechomwa, bwana Dhoihir. Mtu fulani alisema kichomwe. Ikiwa si huyu, nipe mwingine, na mzee atakula kwake leo."

Majina yalimjia Dhoihir kinywani. Mji wote ulikuwa umemkaribisha, alikuwa na majina tele. Aliyameza. Huo ulikuwa wema wake wa kwanza tangu avuke, na haukumsaidia mtu aliyekuwa rumande.

"Basi," Kapteni alisema, "tumuulize mwenyewe. Sema mbele yake uliyoyasema mbele yangu, kwa lugha yake. Nataka kumwona uso."

Mzé Combo aliletwa, akaketi wima kwenye benchi. Alimtambua Dhoihir akamtolea salamu, akamuuliza kama visima vimepatikana.

"Mzee wangu," alisema, "hawa wanadhani wewe ndiye mkubwa wa mji. Nimewaambia sivyo. Nimewaambia kwamba zile maulidi..." Akakwama. Kapteni alimwashiria aendelee. "Nimewaambia watu walikuwa wanakulisha tu. Wanakuonea huruma, kwa sababu huna kitu."

Mzee hakutikisika. Alitazama mikono yake.

"Maulidi zote?"

"Zote, mzee."

"Yule mtoto aliyeota jino?"

"Hapakuwa na jino."

"Na Bahiat anajua?"

Dhoihir aliinamisha macho, na mzee akajua. Uso wake, ule Kapteni aliotaka kuuona, ukaanza kuporomoka pale pale mbele yao. Kisha, sijui alishika nini ndani yake, ukaacha kuporomoka. Akajinyoosha.

"Mwambie bwana wako mimi ndiye," alisema. "Mji huu unanisikiliza mimi. Habari za moto aniulize mimi. Mwambie."

Dhoihir, mkalimani aliyekuwa akijisifu kwamba hajawahi kupotosha neno mahakamani, alimgeukia Kapteni. "Anakubali, Kapteni. Anasema ni kweli, yeye ni maskini, anakula sadaka za watu."

Kapteni alicheka. Hakukuwa na ubaya katika kicheko kile, kilikuwa cha mtu aliyechoka aliyepunguziwa mzigo, na mkono wake ukaenda ukutani kuitoa pini nyekundu. Mzé Combo alikisikia kicheko akakielewa bila mkalimani. Kifaransa hakujua, ila maneno mawili matatu ambayo kila mtu wa mlimani alifundishwa na wasimamizi wa kampuni. Alisimama, akajipiga kifua kwa kofi.

"Mwa," alisema. "Mwa, shefu." Yaani mimi, mimi ndiye mkubwa.

Mkono wa Kapteni ukasimama. Alimtazama mzee, akamtazama Dhoihir muda mrefu.

"Umemwonea huruma," alisema taratibu. "Ni jambo zuri kwa mwanadamu. Kwa mkalimani ni baya, lakini nitalisahau, kwa sababu mwanzoni ulikuwa umeona sawa." Akaisukuma pini ikazama.

Siku meli ilipokuja kumpeleka Mzé Combo kifungoni Madagaska, mji ulishuka wote bandarini, na wa Mirontsy, mji jirani, wakaja kwa miguu. Wanaume walimbusu mkono, na safari hii haikuwa ya kupanga. Bahiat alipita kati ya askari na sahani iliyofunikwa kawa, na hapana askari aliyethubutu kumgusa mama yule. Akamfunulia. Ilikuwa nundu.

"Ni haki yangu hii?" mzee aliuliza, na sauti yake ilisikika mpaka mbali.

"Ni haki yako, mzee wetu," Bahiat alisema, na machozi yakamshinda.

Akala akiwa amesimama, mbele ya watu wote, akaimaliza, akanawa, akapanda. Hakurudi tena. Vijana ambao zamani walikuwa wakigombana nani mwenye zamu ya kumlisha walianza kuapa kwa jina lake, na kabla mwaka haujaisha viwanda vingine viwili vya mlimani viliwaka. Kapteni aliwaandikia wakubwa wake kwamba uchunguzi wa Mutsamudu ulikuwa sahihi kabisa.

Dhoihir alipopanda kwa Bahiat kuchukua mkoba wake aliukuta nje, umeegemezwa mlangoni. Alibisha hodi. Ndani palikuwa na watu, alisikia vyombo, na hapana aliyeitika.

Alirudi Moroni kuwa mkalimani mkuu. Ndoa kuu hakuifanya. Habari za Mzé Combo zilikuwa zimemtangulia, kama habari zinavyojua kuvuka maji. Kila alipofika bangwe mazungumzo yalishuka, yakageuka kuwa ya mvua na bei ya samaki. Housseini hakumwita tena mwanangu.

Ikaja karamu kubwa, harusi ya binti wa Housseini mwenyewe. Dhoihir alikwenda akakaa kwenye jiwe lake la nyuma alilolizoea. Watu wawili walimfuata, wakamwinua kwa heshima, wakampeleka mbele, katikati ya watu wazima, mahali ambapo kwa mila hakuwa na haki ya kukaa. Hapana aliyelalamika. Ng'ombe wakachinjwa, mafungu yakagawiwa, na Housseini akainuka mwenyewe na sahani, akapita watu waliofanya ndoa kuu kabla Dhoihir hajajua kusoma, akaiweka mbele yake kwa mikono miwili.

Nundu.

Alikuwa ameingoja miaka yote. Akainua macho kutafuta uso mmoja, wowote, umwambie aliyopewa ni kitu gani. Watu wote walikuwa wameinamia sahani zao, wamenyamaza, wakimsubiri aanze. Akanawa mkono, akasema bismillahi, akala peke yake, na ilibidi aimalize, kwa sababu walikuwa wanasubiri.